Sentensi Iliyoshinda

Barua ilifika wiki ile Mirongo ulipofurika,
bahasha imelowa pembe, stempu ya nchi ya baridi.
Ndani, picha: Henrik na tai shingoni,
tuzo ya kioo mkononi, ukumbi mzima umesimama.
Nyuma ameandika kwa kalamu: *Hii ni yako pia, Mayunga.*

Nikaiweka chini ya droo, nikaendelea na kazi.
Kijana alitaka cheti cha kuzaliwa, kopi tatu.
Mashine ilikohoa, ikatoa mbili na nusu.

Siku ya nane ya ghasia, mji ule,
redio ya taifa inatangaza mbolea tu, mbolea na kwaya,
vifaru viwili vimeegeshwa sokoni
na mtu ameanika shati la shule kwenye mtutu.
Feruzi, muuza chumvi, amekalia gunia lililolowa.
Muulize, Henrik akaniambia, anataka nini.
Feruzi akakuna goti.
*Mimi? Nataka kulala. Siku nane sijalala.*

Ulimi hauna mfupa.
Nilikuwa na njaa, na kalamu ya Henrik
imenikodolea kama kinda aliyeachama mdomo.
Nikasema: *Anasema, hatutalala mpaka waondoke.*

Nikaiona ikiandikwa. Nikaona inapendeza.

Sentensi ile ilitangulia magazeti yote.
Ikarudi mjini kwa miguu yake,
ikapakwa rangi ukutani kwa benki,
ikaimbwa na vijana wasiojua chumvi bei gani.
Mkuu wa nchi mwenyewe akaitaja katika hotuba,
mara mbili, akicheka.
Ndipo wakaanza kumtafuta mwenyewe.

Naambiwa walipomsomea
aliuliza: *Nani kasema?*
Naambiwa walidhani ni ujeuri.

Mjumbe hauawi, wahenga wamenena.
Hawakunena habari ya mtu
aliyetumiwa ujumbe asioutuma.
Sisi tulikwisha vuka mpaka. Usiku ule ule
tulikula ugali na sangara hapa Kirumba,
samaki mzima, kichwa nikapewa mimi.
Henrik alilipa. Nilimshukuru.

Mke wangu, Nyanzobe, aliiona picha akitafuta chenji.
Huyu nani?
Mteja, nikasema. Wa zamani.

Sijamjibu Henrik. Nimeanza mara nne.
Kila nikifika pale penye *lakini*
umeme unakatika, au nasema umekatika.

Nilichofanya ni hiki: nimeichapa ile ya kweli,
herufi kubwa, karatasi moja, shilingi mia mbili
nimeziweka mwenyewe kwenye kopo la mauzo.
Nimeibandika ukutani,
kati ya bei ya picha za pasipoti na kalenda ya benki:

NATAKA KULALA. SIKU NANE SIJALALA.

Wateja wanasoma, wanadhani ni yangu.
Wanacheka kwa huruma, wanakusanya kopi zao.
Pole, fundi, wanasema.
Si ufunge duka, ukalale?