Mistari Minne

Nafasi ya sababu ina mistari minne.
Nimeihesabu kwa ncha ya kalamu, nikarudia:
minne, ya nukta nukta kama msafara wa siafu,
na miaka kumi na tisa imesimama mlangoni
inasubiri kuingia.

Wakili wa Chumbageni alinitajia bei yake.
Nikasema ahsante, nikashuka ngazi taratibu
kichwani nikiigeuza ile bei kuwa sketi za shule:
sketi mia moja na themanini,
marinda, zipu, na mifuko ambayo watoto huichana.
Hapana.
Nguo hii niliishona mwenyewe,
najua uzi ulipofungiwa fundo.

Baraza la kata lilituita Jumanne tatu.
Ya kwanza Kibwana hakufika.
Ya pili alifika, akasinzia.
Ya tatu akaulizwa, akakohoa, akasema, "Mimi sina neno."
Wajumbe wakatazamana.
Katibu akaliandika hivyohivyo, sina neno,
akagonga mhuri juu yake,
na mimi nikaona ndoa yangu yote
imeenea kwenye mstari mmoja wa wino wa bluu.

Karani wa Mahakama ya Mwanzo, kijana Shehoza,
alipitia karatasi zangu akilamba kidole.
"Mama, umekosea hapa. Umejiandika mdaiwa.
Wewe ndiye mdai."
Nilicheka hadi askari wa mlangoni akageuka.
Mwanangu, nivumilie, nimezoea.
Nimedaiwa chai, nimedaiwa mashuka,
nimedaiwa maelezo ya sauti niliyoitumia saa nne usiku.
Nipe karatasi nyingine.

Kwenye sababu nilijaza mstari mmoja na nusu.
Akanifundisha kupiga mkwaju kwenye nafasi iliyobaki,
mtu asije akaongeza ya kwake.
Nikaupiga kwa rula.

Orodha ya mali ilinichukua siku tatu.
Bati ishirini na sita: risiti ninazo,
zimelala kwenye kopo la maziwa ya unga tangu Farashuu ananyonya.
Cherehani mbili, moja imevunjika mguu.
Kitanda. (Nikakiandika, nikakikata, nikakiandika.)
Baiskeli.
Shamba la Pongwe, ekari moja na robo,
na hapo kwenye minazi nikakwama:
ni ya aliyeipanda siku moja watu wakamwona,
au ya aliyeimwagilia kiangazi tatu
kwa ndoo yenye tundu?
Nikaandika: minazi kumi na minne. Basi.
Hakimu naye ale mshahara wake.

Alhamisi, baada ya magharibi, hodi.
Kibwana, na wito wa mahakama
ameukunja mara nne kama noti ya akiba.
"Nisomee," akasema.

Barua zake zote nimemsomea mimi:
ya bandari walipompunguza, ya mkopo,
ya msiba wa kaka yake kule Handeni.
Nikavaa miwani.
Nikasoma: wewe, Kibwana Semhando, unaitwa,
bila kukosa, saa tatu asubuhi.
Jina langu nikalisoma kama la jirani aliyehama.
"Huyu mdai anataka nini?"
Nikamwambia.
Akaangalia bati, zote ishirini na sita, kwa chini.
"Na mimi nijibu vipi?"

Kalamu ilikuwa mezani.
Nakiri, mkono wangu ulikwenda.
Ulifika nusu, ukarudi, ukashika kitambaa.
Nikamchania karatasi. Nikamsogezea taa.

Robo saa nzima, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili.
Akanigeuzia: Nimekubari.
Neno lilelile la mbele ya shehe,
siku ile lilisemwa vizuri,
na leo penye la ameweka ra.
Sikulisahihisha.

Akasimama, akatafuta viatu vyake gizani.
"Na pampu ya baiskeli," akauliza, "nayo umeiandika?"

Nimeiandika. Namba kumi na moja.