Sekunde Nne

Studio yetu ilikuwa stoo ya unga.
Tulibandika trei za mayai ukutani kuua mwangwi,
maikrofoni tukaivika soksi,
soksi ya afande, tena moja tu;
ya pili hatukuiona kamwe.
Nyaya zilipita juu ya mfereji wa paa
hadi spika tatu: wadi, jikoni, chumba cha cherehani,
na hapo ndipo sauti yetu ilipoishia.
Hata aliyepita kwa miguu Barabara ya Lang'ata hakutusikia.

"Saa kumi kamili. Hali ya hewa:
kuna wingu moja, limeegemea tangi la maji.
Wenye nguo kambani, anueni."
Kisha ndege ya Wilson hupita na watalii wake,
nami hunyamaza, ipite,
kama mtu anayempisha mkwe mlangoni.

Habari zetu zilikuwa ndogo.
Kavutha, mwanao ameota meno mawili, ya chini,
tayari amemng'ata bibi yake.
Walicheka hadi ugali ukashika chini.
Nyaguthii, wakili hakuja. Alisema Jumanne.
Hakusema Jumanne ipi.

Afande Jerotich alisoma kila karatasi kabla yangu,
kalamu nyekundu, miwani kwenye ncha ya pua.
Hakuwa mbaya. Alikuwa na wakubwa wake.
Siku aliyofuta neno "njaa"
sikutafuta neno jingine.
Nilifika palepale kwenye wino,
nikahesabu kimoyomoyo hadi nne,
nikaendelea: "wiki ya tatu sasa."
Jikoni mtu akagonga sufuria kwa mwiko.
Mara nne.

Tangu hapo kimya kikawa na herufi zake.
Kadiri alivyofuta ndivyo tulivyosikika.
Jerotich alijua. Alivua miwani,
akaifuta kwa pindo la sare, polepole,
muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

Sasa naosha vyombo kwenye hoteli moja Kayole.
Ikifika saa kumi najikuta nimekausha mikono,
nazungusha masafa kwenye redio ya tajiri wangu:
kamari, mahubiri, bei ya nyanya, kamari.
"Unatafuta stesheni gani?"
Namwambia huku haishiki.

Jana, katikati ya tangazo la sabuni,
umeme ukapotea.
Hoteli nzima ikanyamaza, hata mafuta ya mandazi yalisikika.
Nilishtukia nimeshika mwiko.
Moja. Mbili.
Mteja wa meza ya dirishani akadai chai yake.