Alijua Siku za Zamu ya Mama

Hakuja na sura ya zimwi.
Alikuja na sarafu za mchezo, mia tano, za bure,
siku ile timu nzima ilimcheka Hafidh kwa kufungisha
na yeye peke yake akaandika: Usijali, mdogo wangu.

Northampton, Februari, saa kumi na moja jioni, giza.
Mama yuko ghalani anapanga viatu vya watu kwenye maboksi,
mimi niko chuoni,
na bomba la joto chumbani linagonga
kama mtu anayetaka kuingia.

Kelvin, miaka kumi na minne, Derby.
Ndivyo alivyojiandika.
Lakini Kelvin huyu hana mtihani wala mafua,
Jumanne saa nne asubuhi yuko hewani, anauliza:
Leo nani yuko nyumbani?
Mlango wako una ufunguo?
Simu yako, dada huishika?

Nikiyasoma sasa
ni maswali ya mtu anayepima nyumba kabla ya kuivunja.
Kwa mdogo wangu yalikuwa kujaliwa.
Nani mwingine humu ndani alimuuliza, umeshindaje?
(Hapa huwa napita haraka.)

Kisha: tuhame, huku kuna kelele,
kule ujumbe hujifuta wenyewe.
Kisha: siri yetu.
Kisha: mama yako hataelewa, mtu wa kule.
Kisha picha ya uso tu.
Kisha akataka nyingine, ambayo sitaitaja,
na Hafidh akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea
dakika arobaini, bomba likitiririka,
nami nje nagonga, namgombeza kwa bili ya maji.

Akafungua. Akanipa simu
kama anayerudisha kitu cha wizi.
"Usimwambie mama. Zile sarafu nilishazitumia."

Wallahi, hilo ndilo lililonivunja:
mtoto alidhani ana deni.

Sikufuta kitu, ingawa kidole kiliniwasha.
Sikumjibu, ingawa matusi ya Tanga ninayo ya mwaka mzima.
Nilipiga picha kila ukurasa, jina, tarehe, saa,
mama akarudi alfajiri, nikamwambia kabla hajavua koti,
na saa tatu tulikuwa watatu mbele ya Bi Pettifer,
yule wa shule anayeshughulikia usalama wa watoto.
Akafunga mlango. Akapiga simu polisi.
Afande akaja bila sare,
na swali lake la kwanza likawa: unashabikia timu gani?

Wewe ambaye simu yako sasa hivi imelala kifudifudi,
huna deni.
Hata kama ulipokea. Hata kama ulituma.
Mwambie mmoja. Asiposikia, mwambie wa pili.

Kelvin ni nani, bado hatujaambiwa.
Hafidh bado hushtuka simu ikilia.
Ila Jumapili mama alikaa sakafuni, miguu imevimba,
akasema, nifundishe huu mchezo,
akafungwa tisa bila,
akadai refa kahongwa.