Anayechuma Chuma

Sikuwahi kupigana. Liandikwe hilo kwanza.
Mimi ni wa chuma tu, fundi wa misuli ya wengine,
Dashzeveg wa ghala la tatu, Erdenet,
mji uliojengwa juu ya shaba na kulishwa vumbi lake.
Kocha wa judo hufundisha kuangusha.
Mimi hufundisha kutochoka
kabla ya kuangusha.

Oyuungerel huja saa kumi na moja alfajiri,
kope zimeganda, nywele ngumu kama waya.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani ni kumi, jiko likiwa na hisani.
Simsalimu. Namwonyesha kamba kwa kidevu.
Apande bila miguu. Ashuke polepole,
maana kushuka ndiko kunakojenga;
kupanda ni majivuno.

Kisha tairi.
Si lile la malori ya mawe,
hilo halinyanyuliwi na ukoo mzima.
Hili ni la lori la maji
aliloendesha baba yake miaka kumi na tisa.
Analiinamia, analikumbatia, analipindua,
na sakafu yote inaitika.
"Baba yako alikuwa mzito hivi?"
"Zaidi," anajibu, "hasa akiwa amelewa."

Kisha shingo, ambayo hakuna aliyewahi kuisifu
mpaka siku ilipomkatalia mtu.

Kisha mshiko. Nimefunga jaketi kuukuu la judo
kwenye boriti; ananing'inia kwa mikono yake miwili.
Nahesabu. Arobaini na mbili. Hamsini.
Vidole vinageuka vyeupe
kama jibini iliyoanikwa juu ya paa.
Sitini na tatu: anadondoka,
anatukana kwa Kirusi,
lugha aliyorithi kwa ajili hiyo tu.

Naandika. Daftari langu lina mistari ya bluu
na madoa ya chai. Uzito, mapigo ya moyo,
saa alizolala, saa alizodai amelala.
Chuma ni neno lenye nyuso mbili:
ukilinyanyua ni mzigo, ukilitenda ni mavuno,
na anayechuma chuma hujui anabeba
au anavuna, mpaka msimu uishe.

Mwezi wa tatu tulikwenda Ulaanbaatar.
Wiki mbili kabla, sheria ni kupunguza;
naijua, ndiyo niliyoibandika ukutani.
Lakini aliomba raundi moja zaidi,
nami nikampa, na nyingine, na nyingine,
kama mtu anayelipenda jiko
mpaka analipasua kwa kuni.

Pambano la kwanza lilifika dakika ya saba.
Ukumbi ulipiga kelele kwa mtupo.
Mimi niliona vidole:
vya yule msichana wa Khovd vilifunguka kwanza.
Nilikaa kimya na furaha yangu kama mwizi.

Pambano la pili, sekunde arobaini.
Mikono yake ilikuwepo, macho yalikuwepo,
miguu ilikuwa bado Erdenet, chini ya tairi.

Ndani ya treni ya usiku nilimfungulia daftari.
"Hapa," nikasema. "Jumanne hii. Alhamisi hii.
Hukushindwa na yule. Ulishindwa na mwandiko wangu."
Alisoma kwa muda mrefu, taa ikitikisika.
Kisha akachukua penseli yangu, na kwenye Jumatatu
akaandika: *Tupumzike. Wote wawili.*

Jumatatu, saa kumi na moja, nilifungua ghala
kwa sababu mkono wangu haujui kufanya lingine.
Alikuwa ameshafika, mabegani ana theluji.
Tuliketi karibu na jiko, tukanywa chai ya chumvi,
kamba ikining'inia bila mtu.

Hatukugusa kitu. Jasho lilinitoka.

Baada ya kikombe cha pili akauliza,
akiwa na uso wa mtu anayeuliza bei,
kama kulitazama tairi
kunahesabika.