Bawa Lisiloruka

Kwanza ujue hili: gari lenyewe halina stata.
Halina betri, halina klachi.
Linasukumwa na pikapu, pua kwa kisogo,
mpaka likohoe, likohoe tena, lishike,
na sisi tuliokuwa tukiongea
tunaachana na maneno katikati.

La pili: bawa lililo juu ya kichwa cha kaka yangu
halikuwekwa limrushe.
Limeinamishwa hivi, kama kiganja cha mama
begani kwa mtoto anayetaka kusimama kanisani.
Kaa. Kaa hapo hapo.
Upepo unavyozidi ndivyo linavyomkalisha.

Mimi kazi yangu matairi.
Nachonga mifereji kwa kisu cha moto,
napima la nyuma kulia, napima la nyuma kushoto,
la kulia nene zaidi kwa makusudi,
maana hapa tunakwenda kushoto tu,
usiku themanini na kitu, kushoto,
kuanzia Florida, Februari, tukiwa na makoti,
hadi Carolina, Novemba, na makoti yale yale.

Udongo nimeujua kwa ulimi. Usicheke.
Wa Iowa mweusi, una mafuta, unashika kama deni.
Wa Oklahoma hautoki kwenye shuka mpaka shuka ife.
Wa Ohio saa moja jioni ni unga uliokandwa,
saa nne ni sahani.
Lori la maji likipita mara moja ya ziada
mipango yetu yote ya mchana inageuka hadithi.

Tanner hubandika plastiki mbele ya macho,
kumi na mbili, moja juu ya nyingine.
Tope likimpofusha anang'oa moja, anaitupa.
Baadaye watoto huziokota penye uzio,
huziinua kwenye taa
waone alichokiona yeye.
Wanaona tope.

Julai, mzunguko wa kumi na saba kati ya thelathini,
alikuwa wa nne, juu kabisa,
pale udongo uliosukumwa na wengine
hujikusanya ukutani kama ukingo wa bakuli.
Ukiuegemea, unakubeba.
Akaupita.
Amepinduka mara ngapi? Jukwaani walisema sita.
Baba alisema tano, na hakutaka kubishana.
Mimi nilikuwa nalitazama bawa:
likagusa chini, likajikunja,
likagusa, likajikunja,
likafa kipande kwa kipande kwa niaba yake.

Methanoli huungua bila kuonyesha moto.
Wazimamoto wakamwaga maji juu ya hewa tupu,
kwa imani.
Kisha mkono ukatoka, ukachomoa usukani,
ukauweka juu ya boneti taratibu,
kama mtu anayevua miwani kabla ya kulala.

Waliosema haraka haina baraka
hawakupita kituo kile cha dizeli saa tisa usiku:
fremu mpya chini, Baba chini ya fremu,
mimi na spana mdomoni,
na kijana mmoja, Eldon, aliyekuja kununua kahawa
akabaki kutushikia tochi hadi alfajiri.
Jina la ukoo wake hatukuuliza.
Jioni yake tukamaliza wa kumi na tisa.
Tulishangilia hata majirani wakadhani tumekosea kusoma.

Mwaka ukaisha tukiwa wa kumi na moja kwa pointi.
Watu wanauliza fedha. Fedha ilikwenda kwa fundi wa injini,
mtu mpole, ana mashua mbili.

Sasa ni Januari, Nebraska, nyumbani kwa akina Vondracek.
Tanner akipanda pikapu kwenda kuwapa ng'ombe majani
anageuza ufunguo, injini inawaka papo hapo,
naye hukaa kidogo bila kuondoka,
kama anayengoja kusukumwa.

Na lile bawa? Mama alilinyoosha kwa nyundo,
akaezekea banda la kuku, namba yetu juu chini.
Juzi upepo ulichukua paa la jirani, ghala zima.
Kuku wetu walilala.
Asubuhi nilikuta mayai manne,
na kwenye kona ya bawa, chini ya ribiti,
udongo wa Ohio, mkavu, hauonjeki tena.