Bwire Anakwenda Peku

Nilimjua kwa sikio kabla ya jicho.
Ta, ta, ta, kisha kimya kidogo,
kama mtu anayehesabu pesa
akakwama kwenye noti iliyochanika.
Nilikuwa naosha ndoo. Niliacha maji yakamwagika.

Mguu wa mbele wa kushoto ulipogusa changarawe
kichwa kilipanda.
Wa kulia ukagusa, kikashuka,
kama anayekubali jambo asilolitaka.

Bwire tulimwita, kwa kuwa alivuka Busia usiku
ndani ya lori la vitunguu,
na ofisa wa forodha, Msamia, akacheka:
mtoto wa usiku huyo, msimpe jina jingine.
Hajawahi kuvaa chuma. Anakwenda peku
kama nilivyokwenda mimi kule Kapchorwa,
mbio, maili nne hadi shuleni,
soli ya ngozi yangu mwenyewe.

Mugoya alisema: Jumamosi tuna sherehe Iganga.
Bwana harusi ameshalipa nusu,
na nusu hiyo imeshakuwa mafuta ya gari.
Oketcho, mchomea mageti wa Masese,
akaleta nondo alizozikunja kwenye makaa:
mvalishe hizi, hata mimi nina buti.
Daktari wa mifugo alitazama kutoka mlangoni.
Nimesomea ng'ombe, alisema,
kwato zao zimepasuliwa tayari. Huyu Mungu alimsahau.

Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Lakini huyu hafichi kwa kiburi.
Babu zake waliochechemea mchana
waliliwa usiku.

Basi nilimuuliza kwa kiganja:
joto kwenye ukuta wa kwato,
mshipa nyuma ya kifundo
ukidunda kama mgeni asiye na adabu.
Nikachokonoa tope kando ya ile nyama ya pembetatu,
nikabana kwa koleo, kidole kwa kidole,
na pale pembeni akauvuta mguu
nusura aondoke na bega langu.

Hapo. Masika yamelainisha, jiwe limesukuma,
doa jeusi, punje moja ya simsim.
Kisu kikaogopa kwenda ndani zaidi.
Au mimi.

Chumvi ya haluli, maji ya moto
kadiri kiwiko changu kilivyoweza kuvumilia.
Pumba. Nepi ya mtoto wa Naigaga,
utepe wa fundi mabomba,
na juu yake mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki.
Kiatu cha kwanza maishani mwake. Alikinusa.

Usiku wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu Mugoya akaja na tochi.
Vipi?
Bado.
Bado ni shilingi ngapi?
Sikujibu. Deni lake lote
lilikuwa mapajani mwangu, likitoka mvuke.

Alfajiri likapasuka lenyewe, si chini nilikochimba,
bali juu, kwenye mpaka wa nywele na ukucha:
usaha wa kijivu, mwembamba, unanuka yai viza.
Bwire akashusha pumzi ndefu
hadi ikapita kwenye nywele zangu.
Asante ya punda najua ni mateke.
Hii sikuwa nimefundishwa jinsi ya kuipokea.

Bwana harusi alikwenda kwa pikipiki yenye maputo.
Mugoya alirudisha ile nusu kwa mafungu,
akinitazama kila fungu.
Nondo za Oketcho sasa ni dirisha la kanisa.

Ni Julai. Pale palipopasuka pana ufa mdogo,
na ufa unashuka, kwa kuwa kwato huota
hata mwenyewe akilala.
Kila mwisho wa mwezi naupima: vidole viwili.
Ukifika ardhini, labda masika mengine,
nitaukata kwa tupa,
kipande kitaanguka vumbini,
na kuku watakuja kukichunguza
kama kina maana yoyote.