Nafasi Imejaa

Saa nne na robo, Kiwalani. Mwanga umeingia dirishani
na umekuja na nondo zake,
umechora mistari minne juu ya kitanda.
"Tumsogeze," nasema, "anaonekana yuko mahabusu."
Wifi yangu Semeni anacheka kwa uangalifu,
mkono mmoja tumboni, pale nyuzi zinapovuta.

Siku ya sita. Kitovu bado, jina bado.
Ngozi ya miguu inabanduka
nyepesi kama ganda la kitunguu.
Tumemlaza kwenye beseni la bluu,
lile la kufulia, jana nimelisugua mara mbili;
ndani kanga tatu, juu kanga ya nne,
ile yenye maneno: NIMEPEWA SIKUOMBA KWA JIRANI.
Simu ni yangu. Kioo kimepasuka kona,
jicho la nyuma ni zima.

Ndege inapita. Huku kwetu hazipiti angani,
zinapita kwenye bati.
Sufuria zinaongea kabatini,
mtoto anarusha mikono yote miwili
kama mtu aliyeteleza ngazini,
kisha anafumbua macho, na hatutazami sisi,
anatazama pazia.

Tunasubiri.
Kumpiga picha mtoto mchanga, nimejifunza leo,
ni kusubiri sana, halafu kubonyeza ukiwa umechelewa.
Amepiga mwayo: sikuwahi.
Amekunja uso kama mzee anayedaiwa kodi: sikuwahi.
Amekojoa: hapo niliwahi,
mkojo ukawahi zaidi.

Wanja wa bibi yake uko katikati ya paji,
mnene, umekwenda upande,
umepakwa na kidole kisichotaka mjadala.
Nikawaza, huu nitaufuta baadaye, simu inaweza.

Simu ikasema: nafasi imejaa.

Naketi ukingoni mwa kitanda, nafuta.
Namba za Luku za miezi saba, ziende.
Bei ya saruji, mlango wa fundi, viende.
Viatu ambavyo sikununua.
Kijana mmoja wa Yombo, picha kumi na tisa, aende;
mwenyewe alishakwenda.
Halafu kidole kinasimama.

Benchi la mbao, korido, Amana, mwaka jana mwezi wa tatu.
Juu ya benchi kanga ya kijani imekunjwa mara nne,
mpya, bado ngumu ya dukani.
Hakuna mtu kwenye picha.
Sijui kwa nini niliipiga.
Siku tatu alizokaa tuliambiwa msimpige,
hajatimiza arobaini, macho ya watu yana meno.
Tukatii. Akaondoka bila sura,
ila ile tunayobishania:
kaka yangu anasema pua ilikuwa yake,
Semeni anasema hapana, ilikuwa ya baba yangu.

Semeni ameegemea bega langu, ameona.
"Hiyo iache," anasema,
sauti ya kawaida, kama ya kusema usizime jiko.
Nafuta video ya harusi ya jirani, dakika kumi na moja.
Nafasi inapatikana.

Bi Chausiku anaingia bila hodi.
Natega sikio nilisikie lile neno la arobaini.
Halisemi. Anatazama beseni, anatazama simu,
anakusanya pazia, analipiga fundo moja gumu
kama la kufungia akiba kwenye pindo,
na mwanga unashuka hadi kidevuni.
"Pigeni," anasema. "Pigeni nyingi."

Iliyopatikana si nzuri sana:
ngumi imeziba sikio, mdomo uko wazi,
wanja upo, sikuufuta,
kidole cha bibi kimeingia pembeni, kimetoka ukungu,
na ukingo wa beseni umeyakata maneno ya kanga,
limebaki moja tu, limepinda kufuata mgongo wake:
NIMEPEWA.

Ndege nyingine inakuja.
Semeni anamziba masikio kwa viganja viwili.
Na hiyo nimeipiga.